Goti la Sebule

Asubuhi ya tatu dukani, Pindo alikuwa ameshayajua makapeti ya plastiki kama mtu anavyowajua watoto wa jirani, kwa sura, kwa tabia na kwa kero zao. Kulikuwa na lile la miraba myeusi na myeupe, ambalo ukilitazama sana kichwa kinazunguka. Kulikuwa na la mbao, lililochorwa mpaka vifundo vya mti. Kulikuwa na la kokoto, na la vigae vya rangi ya udongo, na la maua makubwa mekundu ambalo muuzaji mwenyewe alikiri kuwa limekaa pale tangu hajaota mvi. Majora yote yalisimama yameegemea ukuta, marefu kuliko mtu, yananuka mpira mpya, kama foleni ya watu wanaongoja kuitwa.

Na mbele ya foleni hiyo alisimama mchumba wake, simu mkononi, akipiga picha.

Mtaa ulimpa jina la Taratibu, na jina lilimkaa. Alikuwa fundi vioo, na kioo hakina msamaha. Ukikata vibaya, umekata. Kwa hiyo alipima mara tatu akakata mara moja, na hapakuwa na mteja aliyewahi kumrudishia dirisha. Pindo alimpenda kwa hilo. Shida ni kwamba hata nje ya kazi aliishi vilevile. Ukimuuliza anataka chai ya rangi au ya maziwa, kwanza anaitazama chai.

Kila picha ilikwenda kwa dada yake. Jibu lilirudi kwa sauti, na kwa kuwa Taratibu hakuwa mtu wa kuficha kitu, duka zima lilisikia. La miraba lingeonyesha kila tone la uchafu. La kokoto lisingeonyesha uchafu hata kidogo, na wangekaa na uchafu wao bila kujua. La vigae lilikuwa la watu wa hoteli. La maua mekundu, dada hakulijibu, aliguna tu, na mguno ule ulitosha.

Dada mtu alikuwa mkunga. Nusu ya watu wa mtaa ule walipokewa na mikono yake, na mtu aliyekupokea ukiwa uchi unalia ni vigumu kumwambia hapana baadaye. Alizoea kuwaamuru watu wasukume, nao wakasukuma. Taratibu hakuzaliwa mikononi mwake, lakini alilelewa humo, tangu wazazi wao walipofariki yeye akiwa na miaka tisa. Dada alikataa posa mbili kwa ajili yake. Pindo aliyajua hayo na aliyaheshimu. Ndiyo maana alikuwa amevumilia mpaka jora la kumi na moja.

Muuza kapeti, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa ameona mengi ya wachumba katika duka lile. Bila kuambiwa alimletea Pindo kigoda, akakifuta kwa mkono wa shati lake, akamwambia akae, mwanangu, haya mambo hayaamuliwi kwa kusimama. Pindo akakaa. Hakuna aliyekuwa amemfikiria miguu tangu asubuhi, na kwa jambo dogo kama lile machozi yalimkaribia.

"Weka simu mfukoni kidogo," alimwambia Taratibu, bado kwa upole.

Taratibu akaiweka.

"Wewe unapenda lipi?"

Akayatazama majora kutoka mwanzo wa ukuta hadi mwisho, kama mwalimu anayehesabu wanafunzi. "Yote yana uzuri wake."

"Sikuulizi uzuri wake. Nakuuliza wewe."

"Mimi sina neno. Wewe unapenda lipi?"

"Lile la majani ya bluu. Nimekwambia tangu juzi. Sasa na wewe sema."

"Ni zuri." Mkono ukarudi mfukoni. "Ngoja tu dada alione."

Pindo akavuta pumzi mpaka mwisho, akaitoa polepole kama mtu anayepuliza chai. "Hivi mimi naolewa na nani? Na wewe au na simu?"

Muuza kapeti akageuka, akaanza kufuta vumbi kwenye rafu mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

Taratibu alisema dada ana jicho la vitu vya nyumba. Akasema mwenda pole hajikwai. Pindo akamjibu kuwa ni kweli hajikwai, lakini naye akifika hukuta mlango umefungwa na wenyeji wamelala. Akamkumbusha siku ya harusi imeshasogezwa mara tatu. Mara ya kwanza dada alisema mvua. Mara ya pili dada alisema nyumba haina dari. Mara ya tatu dada hakusema sababu, alisema moyo wake bado haujatulia, na Taratibu akaja kumwambia Pindo habari za moyo huo kana kwamba ni taarifa ya hali ya hewa. Tangu wajuane, Pindo alikuwa ameshona nguo za maharusi thelathini na moja. Ya thelathini na mbili ilikuwa yake, inaning'inia nyuma ya mlango wa duka lake la cherehani, na siku zilizobaki zilikuwa tisa.

"Nikuambie kitu," akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo. "Mtu haachwi kwa sababu ya kapeti. Najua. Lakini kama mtu hawezi kusema anataka kukanyaga nini ndani ya nyumba yake mwenyewe, siku watu watakaponisema mimi, atasema nini?"

Taratibu akalitazama lile la majani ya bluu.

"Kesho," akasema Pindo. "Kesho uniambie kwa mdomo wako, si kwa mdomo wa mtu, unataka nini. Usiponiambia, nampigia mama mdogo simu, nakwenda kule kwenye kiwanda cha sare alikonitafutia kazi, na ile nguo nitampa mwenye mwili kama wangu."

Macho yao yakagongana. Alikuwa na macho mazuri, na hilo ndilo lililomuudhi Pindo kuliko yote. Macho ya mtu anayekusikiliza neno kwa neno, yamejaa huruma na mapenzi, na chini yake mdomo usiotoa kitu. Taratibu akasema ana dirisha la kuweka zahanati. Akaaga kwa heshima, akamuaga mzee pia, akatoka, na mlangoni akasimama kidogo kama anayetaka kurudi. Hakurudi.

Pindo alibaki kwenye kigoda. Hasira kwa mtu unayempenda zina ubaya huu, kwamba zinakuja na kumbukumbu. Akakumbuka miaka minne nyuma, upepo ulipovunja dirisha la duka lake na fundi vioo asiyemfahamu akaja kuweka jipya. Kioo kilikaa, kazi ikaisha, wateja wengine wanamngoja. Lakini fundi yule aliona kwamba mshonaji hukanyaga cherehani bila viatu. Akamwomba asishushe miguu. Akachukua pamba, akailoanisha, akapiga magoti, akaanza kuipitisha sakafuni kiganja kwa kiganja, akiokota chenga za kioo ambazo jicho haliwezi kuziona. Karibu saa nzima. Pindo alikaa na miguu juu ya kiti kama kuku kwenye kiota, akikitazama kisogo chake, na mambo yalianzia hapo, kwenye kisogo.

Sasa akainuka, akamwambia mzee, "Nikatie lile la bluu."

Lilikuwa na majani membamba yanayopandana, bluu ya wino juu ya nyeupe isiyo nyeupe sana, yanapanda na kupinda kama yanatafuta mahali pa kushika. Mzee akamuuliza kwa adabu kama mwenye nyumba ameridhika. Pindo akasema mwenye nyumba amekwenda kuuliza. Mzee akacheka kidogo, akaona mwenzake hacheki, akaacha.

Sebule ya nyumba watakayohamia wakishaoana haikuwa ya mraba. Ilinyooka kutoka mlangoni, kisha mwishoni ikakunja upande wa kulia, kwenye nafasi ya meza ya chakula, kama mtu aliyekaa akakunja goti. Wenyewe waliiita hivyo, goti. Wiki iliyopita Pindo alikuwa amepiga magoti humo na kugundisha magazeti mpaka akapata umbo lote la sakafu kwa karatasi, goti na yote, kama anavyotengeneza kielelezo cha koti. Karatasi hiyo alikuwa nayo ndani ya mfuko, imekunjwa vizuri.

Mzee alitaka kumwita mkataji wake. Pindo akasema amekata suti za wakubwa, sakafu itamshinda nini. Wakalitandaza jora uani, nyuma ya duka, uso chini na mgongo juu, kwa sababu Pindo hajawahi katika maisha yake kupiga chaki usoni pa kitu. Mzee akajikuna shingo. Alisema wao kwa kawaida hukata uso ukiwa juu. Pindo akamjibu kwamba chaki usoni ni uchafu, na mzee, ambaye hakuwa na moyo wa kubishana na mtu aliyekwisha kubishana kutwa, akamshikia karatasi isipeperuke.

Akachora. Akakata. Mkono wake ulikwenda bila kutetemeka, na kila alipokata alijisikia nafuu kidogo, kama mtu anayesema maneno aliyoyameza siku nyingi. Mzee akalikunja kwa mikono yake mwenyewe, akalifunga kamba pande mbili, akamwombea kheri na nyumba yake.

Asubuhi iliyofuata mkokoteni ulilifikisha mlangoni. Pindo alikuwa na ufunguo. Akawaomba watu wa mkokoteni walibebe mpaka ndani, akawashukuru, akabaki peke yake na sakafu ya saruji yenye nyufa. Akafungua kamba. Akalisukuma kwa miguu, likajifungua lenyewe kuelekea mwisho wa sebule, majani ya bluu yakitangulia yakipanda, mazuri mno, mazuri kuliko dukani. Likafika mwisho. Likageuka.

Likageuka kushoto.

Pindo akalitazama. Upande wa kulia, goti la sebule lilikuwa wazi, saruji tupu. Upande wa kushoto, goti la kapeti lilikuwa limeupanda ukuta na kuegemea hapo kama mgeni aliyekosea nyumba. Akazunguka akalitazama kutoka upande wa pili, kana kwamba labda ni yeye aliyesimama vibaya.

Kisha akaelewa, akakaa chini. Kitambaa hukunjwa kikawa tabaka mbili, uso ndani na mgongo nje, na kila kipande hutoka na pacha wake, mkono wa kulia na wa kushoto, ubavu huu na ule. Miaka kumi na mitano hakuwa amelazimika kufikiri kipi ni kipi, maana siku zote alikuwa na vyote viwili. Kapeti halina pacha. Alichora juu ya mgongo, na uso ulipogeuzwa, kulia kukawa kushoto. Mwanafunzi wake wa mwezi wa kwanza angekosea hivyo, angemtania mpaka mwisho wa mwaka.

Alikuwa bado amekaa pale, hajajua kama analia au anacheka, mlango ulipofunguka. Alidhani ni Taratibu. Alikuwa dada yake.

Wifi mkunga alikuja na ndoo na matambara ya kupigia deki, kwa kuwa alikuwa ameapa kwamba nyumba ile ataisafisha kwa mikono yake kabla bibi harusi hajaingia. Lisemwe hilo pia, tusimpunje. Akaweka ndoo chini. Akalitazama kapeti kama anavyomtazama mama aliyechelewa kuja kliniki.

"Nani kakata hivi?"

"Mimi, wifi."

"Kwa macho haya yanayoona?"

Pindo akamweleza habari ya uso na mgongo. Alieleza vizuri, na kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kusikika vibaya. Wifi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza, kwa sauti ile ya utulivu inayochosha kuliko kelele. Alisema yeye tangu mwanzo alishauri la kijivu, lisilo na maua wala majani, ambalo hata likikatwa vibaya halijulikani. Alisema hapingi Pindo ni fundi, lakini nyumba si gauni. Alisema haraka haraka haina baraka.

"Haraka gani, wifi?" Pindo akasimama. "Miaka minne. Kobe angekuwa ameshafika, akapumzika, akarudi."

"Ndiyo hayo maneno. Mtu hajaingia, ameshaanza."

"Nimeanza nini? Nimengoja mvua ikatike, nimengoja dari, nimengoja moyo wako. Leo nimekata kipande cha plastiki, ndiyo imekuwa nimeanza?"

Wifi alichukua simu, akampigia mdogo wake, akamwambia aje sasa hivi, aache anachofanya. Walipokuwa wakingoja, aliinama akaanza kuzoa vumbi la saruji kwenye kona, maana alikuwa mtu ambaye mikono yake haijui kukaa, na huku akizoa akasema, si kwa ubaya, bali kama mtu anayepanga kazi, kwamba labda ni vizuri siku isogezwe tena. Mwezi ujao tu. Vitu vitulie. Watu wakianza kwa kugombana sakafuni, dari haliwakalii.

Pindo aliangalia mlango. Sasa hakuwa akimngoja mtu alete jibu la kapeti. Alikuwa akingoja kujua kama jioni ile atarudi nyumbani akiwa mchumba wa mtu, au atampigia mama mdogo simu.

Taratibu aliingia na vumbi la kioo kwenye nywele. Akavua viatu mlangoni kwa mazoea yake. Akaona kapeti, akaona ukuta, akaona saruji tupu, akaona nyuso mbili. Akaelewa kosa kwa kulitazama mara moja, Pindo aliliona hilo machoni mwake, na aliona pia kwamba hakucheka. Akapiga magoti, akatoa utepe wake wa kupimia.

"Usipime," akasema Pindo. "Sema."

Mkono wa Taratibu ukasimama.

"Mwambie, mdogo wangu," akasema dada. "Nimeshamweleza. Hili mpeni mtu mwingine, tuchukue lile la kijivu, na siku tuisogeze mbele kidogo. Au siyo?"

Taratibu alibaki pale magotini. Pindo alimwona akimtazama dada yake, kisha akimtazama yeye, kisha akilitazama kapeti. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso kama mtu aliyebeba kioo kikubwa peke yake kwenye ngazi. Nje mtu aliyekuwa akiimba alimaliza wimbo na kuanza mwingine.

"Kapeti hili," akasema hatimaye, "silipendi."

Dada akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Pindo akaitafuta simu yake mfukoni.

"Halafu dada," Taratibu akaendelea, "na lile la kijivu silipendi. Linafanana na wodi."

Dada mtu akaacha kuzoa vumbi.

"Mimi nilipenda la mbao. Tangu siku ya kwanza. Haya majani yananizonga, ni kama yanataka kunifunga miguu." Akasimama, utepe ukaning'inia mkononi mwake. "Na siku haisogei. Ni Jumamosi ijayo, ileile. Hata tukioana juu ya saruji."

Pindo angepaswa kuumia. Majani yale aliyapenda, na neno lile, yananizonga, lilimchoma kidogo, hawezi kusema uongo. Lakini katika miaka minne yote hakuwahi kusikia kutoka kwa mtu huyu neno silipendi, na sasa amelitoa mara mbili, mara moja kwa kila mwanamke. Alijikuta amejishika mdomo.

"Sema tena," akamwambia.

"Nini?"

"Ulivyosema."

"Silipendi," akasema Taratibu, safari hii kwa urahisi kidogo, kama mtu anayejaribu kiatu na kuona kinamtosha.

Dada akageuza ndoo, akaikalia. Uso wake ulikuwa umebadilika, na kwa mara ya kwanza Pindo aliona kwamba mwanamke huyu alikuwa mtu mzima aliyechoka.

"Miaka yote," akasema dada. "Shati unaniuliza. Viatu unaniuliza. Ukitaka kunyoa unaniuliza. Nikasema maskini, hajui, wazazi walimwacha mdogo, nisipomwongoza mimi nani atamwongoza. Kumbe ulikuwa unajua?"

Taratibu akachuchumaa mbele yake. "Nilikuwa najua, dada."

"Sasa ulikuwa ukiniuliza nini?"

"Wazee walipofariki ulikuwa hucheki. Nilikuuliza siku moja nivae shati gani, ukanichagulia, ukacheka kidogo. Kesho yake nikakuuliza tena." Akajifuta jasho kwa kiganja. "Nikawa nauliza. Baadaye nikashindwa kuacha."

Dada alishika ncha ya kanga yake, akaitazama kama hajawahi kuiona. Pindo alisimama akiwa na mambo mawili ndani ya kifua kimoja. Moja lilikuwa huruma kwa ajili ya mtoto wa miaka tisa aliyesimama mbele ya dada yake na mashati mawili. La pili lilikuwa kwamba angetaka kumshika mtoto huyo, sasa akiwa mtu mzima wa futi sita, amtikise mabega.

"Kwa hiyo miaka minne," akasema, "mimi nimekaa nangoja kwa sababu wewe ni mtu mwema."

"Ndiyo," akasema Taratibu kwa aibu.

"Mungu ananijaribu kwa wema."

Dada akacheka. Kilitoka kicheko kifupi, cha puani, na kikamshangaza mwenyewe. Kisha akasimama, akajikung'uta. "Wodi," akasema, amekereka kikweli. "Lile la kijivu ni kama wodi. Haya." Akavua viatu, akajifunga kanga kiunoni, akainama akashika pembe ya kapeti iliyoupanda ukuta. "Wifi, utasimama hapo mpaka Jumamosi? Mimi nashika huku. Nyie mafundi semeni linakatwa wapi."

Likakatwa pale goti linapoanza. Taratibu alipima, naam, mara tatu, na safari hii hakuna aliyemkataza. Aliweka rula yake ndefu ya vioo, akavuta kisu mara moja, na goti likaachana na sebule. Wakalibeba wote watatu kulia, kama watu wanaohamisha mgonjwa, dada akitoa amri. Lakini kuunga majani ilikuwa kazi ya Pindo, maana yeye alijua jinsi ya kulifuata ua la kitambaa hata likikatika kwenye mshono. Alilala kifudifudi, akasogeza kipande kwa vidole, mbele, nyuma, mbele kidogo, mpaka bua la upande huu likakutana na jani lake la upande ule. Ili yakutane, ilibidi kapeti lirudi nyuma, na ukutani kikabaki kiganja kimoja cha saruji wazi. Dada alisema atawapa kabati lake la vyombo walisimamishe hapo. Alilisema haraka haraka, kisha akatoka na ndoo kwenda kutafuta maji, na alikaa huko muda mrefu kuliko maji yanavyohitaji.

Wakabaki wawili, magoti kwa magoti, mshono katikati yao. Taratibu alipaka gundi chini yake, Pindo akakandamiza juu, na mkono wake ukamwangukia mkononi ukakaa hapo.

"Bado silipendi," akasema Taratibu polepole.

"Najua."

"Lakini nitalikanyaga kila siku. Nilitaka ujue kwamba nalikanyaga huku silipendi, kwa sababu yako. Si kwa sababu sijui."

Pindo aliinamisha kichwa, paji la uso likagusa bega lake, na vumbi la kioo kwenye shati lake likamwasha, wala hakujali.

"Na mapazia?" akauliza baadaye, akiwa bado begani. "Yale ya manjano?"

Angepaswa kujizuia. Taratibu akafikiri, na safari hii hakufikiri sana. Akasema mapazia ni mafupi, yanaonyesha vifundo vya miguu kama mtu aliyeazima suruali. Akasema mlango wa jikoni angetaka ufungukie ndani, si nje, na amekuwa akiliwaza hilo tangu mwaka juzi. Akasema wali wa mama mdogo una chumvi. Kisha akasita kidogo, akakohoa, akasema kuna na lile koti la harusi alilomshonea.

Pindo akainua kichwa. "Koti lina nini?"

"Linanibana kwapani."

"Nilikujaribisha mara tatu. Mara tatu nilikuuliza kama linabana."

"Lilikuwa linabana mara zote tatu."

Akamtazama. Zilikuwa zimebaki siku nane. Akajaribu kuikumbuka ile hamu aliyokuwa nayo dukani ya kumsikia mtu huyu akisema anachotaka, akaona ilikuwa rahisi zaidi ilipokuwa hamu. Akaushika utepe wake mwenyewe wa kushonea, uliokuwa shingoni mwake, akaupitisha kwenye kifua cha mwanamume yule na kuurudisha kwa mbele, akausoma, akafumba macho.

"Kesho unaniletea hilo koti," akasema. "Nalifumua lote. Na kwapa la kushoto pia linabana?"

"Hasa la kushoto," akasema Taratibu.